Kumalizia Pigo: Umuhimu wa Kukamilisha Mzungusho wa Gongo katika Mchezo wa Besiboli

Utangulizi

Mchezaji wa besiboli bado ni mgonjwa adimu katika kliniki za mifupa na viungo za ukanda wetu. Hata hivyo, mchezo huu umekwisha kuota mizizi. Nchini Tanzania unachezwa katika baadhi ya shule za sekondari, Azania ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwazo, kwa msaada wa wakufunzi kutoka Japani. Nchini Uganda, timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya Little League mjini Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Kadiri vijana wanavyoongezeka uwanjani, ndivyo mhudumu wa afya atakavyozidi kukutana na maumivu ya kifundo cha mkono, bega, mbavu na mgongo yanayotokana na kuzungusha gongo.

Makala haya yanachunguza sehemu moja tu ya pigo, ambayo mara nyingi hudharauliwa: kumalizia. Kwa neno hilo tunakusudia safari yote ya gongo na ya mwili tangu mpira unapogongwa hadi mwendo unapokoma wenyewe, gongo likiwa limezunguka hadi nyuma ya bega la mbele. Baada ya kusoma, mhudumu wa afya ataweza kueleza kwa nini sehemu hiyo ni muhimu, kutambua majeraha manne yanayohusiana nayo, na kumwongoza mchezaji anaporejea uwanjani. Mchezaji na mzazi wataweza kutambua dalili zisizofaa kuvumiliwa.

Pigo kwa ufupi

Mrushaji husimama umbali wa mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wenye uzito wa takriban gramu 145, ukirushwa kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa kama ilivyo kawaida katika ligi kuu ya Marekani, humfikia mpigaji kwa muda wa takriban sekunde 0.4. Katika muda huo mpigaji huuona mpira, hukadiria njia yake, huamua kama apige au auache, kisha huzungusha gongo. Mzungusho wenyewe, tangu gongo linapoanza kusogea hadi linapokutana na mpira, huchukua chini ya sekunde 0.2.

Nguvu ya pigo haianzii mikononi. Mpigaji hupiga hatua fupi kuelekea kwa mrushaji na kuukaza mguu wa mbele, kisha nyonga huanza kuzunguka, kiwiliwili hufuata, mabega hufuata kiwiliwili, na mikono pamoja na gongo huja mwisho. Uchunguzi wa umeme wa misuli uliochapishwa mwaka 1993 na Benjamin Shaffer na wenzake nchini Marekani ulionesha kwamba misuli ya makalio, mapaja, mgongo na tumbo hufanya kazi kubwa katika pigo, wakati misuli kadhaa ya bega hufanya kazi ndogo kuliko wengi walivyodhani. Kwa hiyo mikono ni kama ncha ya mjeledi: inakwenda kasi kuliko viungo vyote, lakini haikuizalisha kasi hiyo peke yake.

Katika makala haya, bega la mbele ni lile linalomwelekea mrushaji. Kwa mpigaji anayetumia mkono wa kulia, ni bega la kushoto, na mkono wake wa kushoto ndio ulioshika chini, karibu na kitako cha gongo.

Mpira ukishaondoka, kumalizia kunasaidia nini?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wenye akili nzuri, nalo linastahili jibu la kweli. Gongo na mpira hugusana kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Taarifa kutoka mikononi hadi kwenye ubongo, na amri kutoka ubongo hadi kwenye misuli, huhitaji zaidi ya mara mia moja ya muda huo. Mchezaji anapohisi mtikisiko mikononi mwake, mpira umekwisha ondoka zamani. Maji yakimwagika hayazoleki: hakuna anachoweza kufanya baada ya hapo kikabadili njia wala kasi ya mpira.

Basi kwa nini makocha husisitiza kumalizia? Zipo sababu mbili, na zote ni za kimwili.

Sababu ya kwanza inahusu yale yanayotokea kabla ya mpira kugongwa. Mwendo wa haraka hupangwa na ubongo kwa ukamilifu kabla haujaanza, na mpango huo una amri ya kwenda pamoja na amri ya kusimama. Misuli inayosukuma hutangulia, kisha misuli ya upande wa pili huamka ili kufunga breki. Mchezaji anayekusudia kusimamisha gongo pale penye mpira hulazimika kuanza kufunga breki mapema, wakati gongo bado liko njiani, hivyo hukutana na mpira likiwa limekwisha kupungua kasi. Mchezaji anayekusudia kumalizia huahirisha breki, na gongo hufika penye mpira likiwa katika kilele cha kasi yake. Kumalizia kuzuri ni ushahidi kwamba yaliyotangulia yalikuwa sahihi.

Sababu ya pili inahusu yale yanayofuata, nayo ndiyo inayomgusa zaidi mtaalamu wa afya. Mpira ukishaondoka, gongo bado lina nishati nyingi, na nishati hiyo haina pa kwenda isipokuwa mwilini mwa mchezaji.

Jinsi mwili unavyofunga breki

Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuchukue gongo la kilo 0.9 ambalo baada ya kugonga mpira bado linakwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo ni 0.5 × 0.9 × 20 × 20, yaani jouli 180. Mchezaji akilisimamisha gongo ndani ya nusu mita, nguvu ya wastani inayotakiwa ni niutoni 360, karibu sawa na kuzuia mzigo wa kilo 36. Akiliacha lizunguke mita mbili kabla ya kukoma, nguvu inayotakiwa ni niutoni 90, sawa na mzigo wa kilo 9 hivi. Nishati ni ileile. Kilichobadilika ni urefu wa njia. Hesabu hii ni rahisi kuliko hali halisi, kwa kuwa gongo huzunguka na mikono nayo ina uzito wake, lakini kanuni haibadiliki: njia ikirefuka mara nne, mzigo unapungua hadi robo.

Dereva wa basi huielewa kanuni hii bila kalamu. Akianza kupunguza mwendo mapema, abiria hawahisi kitu; akikanyaga breki ghafla, wote hurushwa mbele.

Misuli inayofunga breki hufanya kazi huku ikirefushwa. Aina hii ya kazi huzalisha nguvu kubwa, lakini ndiyo inayochana nyuzi za misuli kwa urahisi zaidi na kuleta maumivu ya siku moja au mbili baada ya mazoezi. Mzigo ukigawanywa miongoni mwa misuli mikubwa ya nyonga, tumbo na mgongo, hakuna sehemu inayoelemewa. Mwendo ukikatizwa, mzigo wote huangukia viungo vidogo, hasa kifundo cha mkono na bega la mbele.

Kutokana na hayo tunaelewa mambo mawili ambayo wachezaji huyaeleza kliniki. La kwanza, pigo linalokosa mpira huuma kuliko pigo linalogonga, kwa sababu mpira haukuchukua sehemu yake ya nishati. La pili, pigo linalozuiwa katikati, mchezaji anapobadili nia baada ya kuona mpira hauko mahali pake, ni miongoni mwa mienendo migumu zaidi kwa kifundo cha mkono.

Majeraha manne ya kuyafahamu

1. Mvunjiko wa ndoano ya mfupa wa hameti. Hameti ni mfupa mdogo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, wenye kijitokezo mfano wa ndoano. Kitako cha gongo hukaa juu yake. Gongo linapozuiwa ghafla, au linapopindukia kiganjani mwishoni mwa mzungusho, kitako huigonga ndoano hiyo na kuivunja. Mkono unaoumia ni ule ulioshika chini.

Mgonjwa hulalamika maumivu kiganjani upande wa kidole kidogo, udhaifu wa kushika, na wakati mwingine ganzi katika kidole kidogo na cha pete, kwa kuwa neva ya alna hupita jirani. Mchunguzi atakuta maumivu makali anapobonyeza juu ya ndoano yenyewe. Amwambie pia mgonjwa apindishe kifundo kuelekea upande wa kidole kidogo, kisha akunje ncha za kidole kidogo na cha pete huku mchunguzi akizizuia. Maumivu yakitokea kiganjani, ashuku mvunjiko. Picha ya kawaida ya eksirei, ya mbele na ya ubavu, mara nyingi haiuoneshi. Picha maalumu ya mfereji wa kiganja husaidia, na kipimo cha CT huthibitisha. Mgonjwa asiambiwe kwamba hana kitu kwa sababu tu picha ya kwanza ni safi.

Mvunjiko uliogunduliwa mapema na usioachana unaweza kufungwa plasta ngumu, ingawa mara nyingi mfupa huu hushindwa kuunga kwa sababu damu inayoufikia ni kidogo. Usipounga, upasuaji wa kukiondoa kipande kilichovunjika humrudisha mchezaji uwanjani, mara nyingi ndani ya miezi miwili. Ukipuuzwa, kingo za mfupa huweza kuisaga kano ya kidole kidogo hadi ikatike.

2. Bega la mpigaji. Katika kumalizia, bega la mbele huvutwa na uzito wa gongo, na kichwa cha mfupa wa mkono husukumwa kuelekea nyuma ya tundu lake. Ukingo wa gegedu unaolizunguka tundu unaweza kuchanika upande wa nyuma. Tukio la kawaida ni mchezaji kunyoosha mikono kuufuata mpira wa mbali na kuukosa. Maumivu huwa ndani kabisa, nyuma ya bega, na huzidi mkono unapovukishwa mbele ya kifua na kusukumwa nyuma.

Wagonjwa wengi huanza na mapumziko ya kutopiga, kisha mazoezi ya misuli inayolizunguka bega na ile inayoutuliza mfupa wa bapa la bega. Asiyepata nafuu, au anayehisi bega likitoka na kurudi, apelekwe kwa mtaalamu wa mifupa kwa kipimo cha MRI na pengine upasuaji wa kutumia kamera. Baada ya upasuaji huo, kurejea kupiga huhitaji miezi kadhaa, si wiki.

3. Kuchanika kwa misuli ya ubavu. Misuli ya mshazari ya tumbo huzungusha kiwiliwili na pia hukizuia kisizunguke kupita kiasi. Mchezaji huhisi kama kuchomwa kisu ubavuni katikati ya pigo, kwa kawaida upande wa mbele, na baadaye hupata maumivu anapokohoa, anapopiga chafya au anapogeuka kitandani. Tiba ni mapumziko na mazoezi ya hatua kwa hatua. Anayerejea kabla ya maumivu kwisha hujiumiza tena kwa urahisi.

4. Ufa wa pingili za kiuno kwa kijana. Pingili tano za kiuno hazikuumbwa kuzunguka sana. Zote kwa pamoja hutoa digrii chache tu kila upande. Mzunguko mkubwa unatakiwa utoke kwenye nyonga na sehemu ya juu ya mgongo. Kijana mwenye nyonga ngumu, au anayemalizia pigo huku amejipinda kinyumenyume, huubebesha uti wa kiuno kazi isiyo yake. Pigo likirudiwa maelfu ya mara, ufa hujitokeza katika sehemu nyembamba ya pingili, hasa ya tano.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa msemo huo ni kweli kwa maana ya moja kwa moja. Kijana anayecheza, mwenye maumivu ya kiuno yanayozidi anapojipinda nyuma, na ambayo hayajaisha kwa wiki tatu, asipewe dawa za maumivu pekee na kurudishwa uwanjani. Aache mchezo, achunguzwe na apigwe picha. Ufa uliogunduliwa mapema kwa kawaida hutulia kwa miezi mitatu hivi ya mapumziko na mazoezi ya misuli ya kiwiliwili. Katika mazingira yetu, mhudumu asisahau kifua kikuu cha uti wa mgongo: homa, kutokwa jasho usiku, kukonda, au maumivu yanayomwamsha mgonjwa si dalili za mchezo. Udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia haja ni dharura.

Mikono miwili au mmoja?

Wachezaji huuliza kama waendelee kushika gongo kwa mikono yote miwili hadi mwisho, au waachie mkono wa juu baada ya kugonga. Charley Lau, kocha maarufu wa upigaji nchini Marekani katika miaka ya 1970, anakumbukwa kwa mtindo wa kuachia mkono mmoja, na mwanafunzi wake George Brett alifikisha wastani wa .390 mwaka 1980. Wapo wapigaji wakubwa waliomalizia kwa mikono miwili.

Kwa jicho la kitabibu hakuna mtindo mmoja ulio sahihi kwa wote. Mikono miwili hugawana breki, lakini huhitaji kiwiliwili na nyonga zinazozunguka kwa uhuru. Mkono mmoja huirefusha njia ya gongo na kupunguza msokoto wa kiuno, lakini hulibebesha bega la mbele mzigo peke yake. Kwa hiyo mwenye tatizo la bega ni vyema ajaribu kumalizia kwa mikono miwili, na mwenye kiuno kigumu ajaribu kuachia mmoja, kocha na mtaalamu wa fiziotherapia wakimwangalia. La muhimu kwa wote ni kwamba mkono uachiwe baada ya mpira kuondoka, si kabla.

Mafunzo na kurejea uwanjani

Mambo manne humsaidia mchezaji kumalizia vizuri. Kwanza, mguu wa nyuma uzunguke juu ya vidole. Ukibaki umeganda ardhini, msokoto huishia kwenye goti na kiuno. Pili, gongo lilingane na umri na nguvu za mchezaji. Gongo la mtu mzima mikononi mwa mtoto haliwezi kufungwa breki vizuri. Tatu, kitako cha gongo kisikandamizwe katikati ya kiganja. Nne, mazoezi ya nguvu yasiishie mikononi: nyonga, makalio, tumbo na mgongo ndivyo injini na ndivyo breki.

Anayerejea baada ya jeraha apite hatua zifuatazo, bila kuruka hata moja:

Hatua ya kwanza, azungushe gongo bila mpira, kwa nusu ya nguvu, akimalizia kikamilifu.
Hatua ya pili, apige mpira uliowekwa juu ya kigingi.
Hatua ya tatu, apige mpira anaorushiwa polepole kutoka kando.
Hatua ya nne, apige mpira kutoka kwa mrushaji, kwanza wa kasi ndogo, kisha wa kawaida.

Kati ya siku za kupiga iwepo angalau siku moja ya kupumzika. Maumivu yanayobaki hadi asubuhi ya pili ni ishara ya kurudi hatua moja nyuma. Wengi hukatiza matibabu mara tu maumivu ya kila siku yanapotulia, ilhali misuli ya breki ndiyo huchelewa kurudi katika nguvu zake. Mgonjwa aelezwe hivyo siku ya kwanza, si siku anapolalamika kwamba jeraha limerudi.

Usalama wa walio karibu

Gongo linalomaliziwa vizuri huenda mbali na kwa kasi, hadi nyuma ya mpigaji. Mdakaji anayechuchumaa karibu mno anaweza kugongwa kichwani, na vivyo hivyo mtoto anayepita. Shule zihakikishe kwamba mpigaji na mdakaji wamevaa kofia ngumu, kwamba hakuna anayezungusha gongo kabla ya kutazama pande zote, na kwamba wanaosubiri zamu wako mita kadhaa mbali. Aliyegongwa kichwani asirudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yuko salama. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujipima

1. Ikiwa mpira umekwisha ondoka, kwa nini anayekusudia kusimamisha gongo penye mpira hupiga kwa nguvu ndogo?
2. Mchezaji wa miaka 17 ana maumivu kiganjani upande wa kidole kidogo kwa wiki tatu. Picha ya eksirei ya kawaida haioneshi kitu. Utafanya nini?
3. Kwa nini pigo linalokosa mpira huweza kuumiza zaidi?

Majibu

1. Kwa sababu misuli ya breki huanza kazi kabla gongo halijafika penye mpira.
2. Bonyeza juu ya ndoano ya hameti, fanya jaribio la kukunja vidole, zuia asishike gongo, na mpe rufaa apigwe picha ya mfereji wa kiganja au kipimo cha CT.
3. Kwa sababu nishati yote ya gongo hubaki kufyonzwa na mwili, na bega la mbele pamoja na kifundo cha mkono ndivyo huathirika kwanza.